Faudhia Anayesomea Joto la Mawingu

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Faudhia Muharami anafungua kisanduku cheupe chenye vipimajoto viwili, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, nje kidogo ya mji wa Newala. Bonde la Ruvuma halionekani. Limejaa ukungu, nao unapanda taratibu kumfuata alipo.

"Tazama," ananong'ona, utadhani ukungu una masikio. "Hewa ikipanda inatanuka. Ikitanuka inapoa. Ikipoa, maji uliyokuwa unayavuta puani bila kuyaona, hayo hapo!"

Faudhia, mwenye umri wa miaka 36, ni mpimaji wa hali ya hewa. Kwa miaka 11 ameandika namba na kuzituma makao makuu. Kutabiri ni kazi ya wenye shahada, na yake, anayoisomea huku akifanya kazi, imekwama kwenye somo moja: thamodinamiki ya angahewa, yaani mwenendo wa joto hewani. Amelifeli mara mbili. Jumatatu anateremka Masasi kulifanyia mtihani mara ya tatu, na akianguka, amedisko: chuo kinamfuta masomo.

Si kwamba hesabu zilimshinda. Alizikariri zote; alichokosa ni kuziamini.

Kilichomfungua macho ni ubahili wa maji. Kipimajoto kimoja hufungwa kitambaa ambacho lazima kiwe kimelowa. Oktoba mwaka juzi maji yaliadimika Newala, ndoo moja ikawa ya kusubiriwa siku mbili, naye akaona ni dhambi kukinywesha kipimajoto maji ya uji wa mwanawe, Mujibu. Kitambaa kikakauka, vipimajoto vikasoma sawasawa, jambo ambalo kitaalamu humaanisha hewa imeshiba maji. Faudhia akaandika, tena kwa mwandiko mzuri, kwamba hewa ina unyevu asilimia mia, wakati midomo yake mwenyewe imepasuka kwa ukavu.

"Bosi alipiga simu akauliza kama Newala imehamia baharini," anasema akicheka.

Akakilowesha kitambaa, akakaa kukitazama. Joto likashuka nyuzi tisa mbele ya macho yake.

"Nililia. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Yakigeuka wingu, joto lile linatoka tena, linalisukuma wingu juu zaidi. Yaani kijiko changu cha maji na radi ile inayotutetemesha, sheria ni moja!"

Hata hivyo, Novemba iliyopita moyo ulimwangusha. Mama yake, Adija, mkulima wa Chiwata, alikuwa ameanika korosho, akampigia simu.

"Mama Mujibu, nizianue?"

Namba zote zilisema mvua. Faudhia akajibu, "Mimi napima tu, mama. Kutabiri wapo wenyewe." Jioni korosho za magunia manne zililowa. Mama hakumlaumu, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Ukungu umemfikia. Anaandika namba zake, anafunga kisanduku.

"Shahada naitaka, sitakudanganya," anasema. "Lakini mama akipiga tena, matokeo yawe yametoka au hayajatoka, nitamwambia: shikamoo mama, anua korosho."