Kobe Aliyepakwa Rangi ya Geti

Nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo Kinondoni nikinunua chanjo ya kuku, akaingia bwana mmoja mtanashati na ndoo. Ndani alikuwamo kobe, gamba zima limepakwa rangi ya dhahabu.

“Dokta, huyu siku ya nne hali.”

Mama mwenye duka, daktari wa mifugo, akamwinua kobe taratibu. “Umempaka nini?”

“Rangi ya mafuta, ilibaki tulipopaka geti. Si apendeze? Sie tunapataga wageni.”

“Na chakula?”

“Nampaga chipsi.”

Mama akamkazia macho. “Baba, gamba ni mwili wake. Ukiligusa, anasikia. Kibali cha kumfuga unacho?”

“Kipo kwenye gari.”

“Kalete.”

Akatoka. Tukasikia gari likiwashwa, likaondoka moja kwa moja. Mama hakushangaa, alishaanza kubandua ile rangi kwa kucha, kidogo kidogo.

Leo wiki ya tatu, kobe anatafuna mchicha uani kwa mama. Bwana hajaonekana. Wa aina yake namshauri afuge sanamu: haili, haiumwi, wala haimwaibishi mbele za watu.