Hiyo Shikamoo Irudishe

Shikamoo ya kwanza maishani mwangu nilipewa nikiwa na miaka ishirini na moja, na sikujua kwamba ni yangu. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya msingi kule Butiama, wiki ya kwanza, viatu vinanibana. Msichana wa darasa la saba, mrefu kuliko mimi, akasimama wima mlangoni na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Nikageuka nyuma kumtafuta mwalimu mkuu. Hakukuwa na mtu. Nilipoelewa nilicheka mpaka mtoto wa watu naye akacheka, kisha nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikajifunza kusema "marahaba" kwa sauti nzito.

Leo nikiulizwa utu uzima unaanza lini, najibu: siku ile. Mengine yote yalifuata kwa kasi ya ajabu. Nilipofika thelathini, nimeolewa Bunda, nina binti mmoja mgongoni, nilizitafuta shikamoo kwa tochi. Kijana akinipita kimya nilimnunia wiki nzima. Nilipofika arobaini na kitu, mwanamume mwenye kipara alinisimamisha stendi, kipara hasa, kinang'aa, akasema, "Shikamoo, mama." Nilimjibu kwa meno. Siku hiyo hiyo nilinunua kanta nikazipaka nywele, nikapaka na nusu ya sikio.

Hamsini ilikuja na vituko vyake. Mkono ulikuwa mfupi ghafla, gazeti likataka kushikwa kutoka chumba cha pili. Darasani nilianza kuwaita watoto kwa majina ya mama zao, na wenyewe wakaitika tu, maana mama zao nao niliwafundisha. Hata hasira ilibadilika. Ya ujanani ilikuwa ya petroli, hii ya sasa ni ya kuni mbichi, mpaka iwake aliyeniudhi ameshafika kwake. Yote hayo niliyacheka. Moja tu sikulicheka. Mume wangu alitangulia, miaka michache baadaye mama yangu naye akafuata, na asubuhi moja nilitembea kutoka nyumbani Nyasura, hapo hapo Bunda, hadi sokoni, nikaitikia marahaba kumi na ngapi sijui, bila mimi kumwamkia mtu hata mmoja. Nilijiona mpweke, nikarudi bila nyanya.

Basi nikastaafu. Mwaka uliofuata, nikiwa na sitini na moja, nilikwenda Mugango kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kutafuta sato wa bei nzuri. Mbele yangu kwenye foleni alisimama mzee mwenye kichwa cheupe pe, anachagua kichwa cha sangara. Nilifurahi kupita kiasi. Mzee kabisa! Nikainamisha kichwa kwa adabu zangu zote, nikasema, "Shikamoo, baba."

Akageuka. Akaniangalia kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Mama," akasema, "hiyo shikamoo irudishe ulikoitoa."

Wanawake waliokuwa wakiparua samaki waliacha visu. Kwetu shikamoo haikataliwi, hata na mtu mnayegombana naye. Nikamwuliza ana kichaa au vipi. Akasema hana kichaa, ana mvi za ukoo, zilimwota akiwa na miaka thelathini, na mimi ndiye napaswa kumwitikia yeye.

"We wa mwaka gani?"

"Na wewe wa mwaka gani?"

"Mimi sina cheti. Shule nilipimwaga kwa sikio."

Waliosoma zamani wanajua. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akifikia sikio la upande wa pili ameiva, anaandikishwa. Mama mmoja mwenye kisu akapiga kelele, "Wapimwe basi!" Na sisi, watu wazima wawili wenye wajukuu wa ndugu zetu, tukapima. Bega langu lilikataa katikati ya safari. Yeye alifika, akalikamata sikio kwa ushindi, kisha mkono ukagoma kushuka. Akabaki hivyo, kiwiko utosini, macho yamemtoka. Mwalo mzima ulilia kwa kicheko. Ikabidi niuweke chini mfuko wangu, nimshike mkono, niushushe taratibu. Haki ya Mungu, sijui kwa nini sikuuachia mapema.

Alikuwa fundi mashine mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, mjane, anaishi Butiama na mama yake ambaye meno yamekwisha na anataka supu ya kichwa cha sangara kila Jumamosi. Yeye akaniita Mwalimu, mimi nikamwita Fundi. Akapiga simu jioni kuuliza kama bega limepona. Akapiga kesho yake kuuliza habari za bega lile lile. Baada ya mwezi bega lilikuwa limepona siku nyingi na mimi nimeunguza maharage mara nne. Nilikuwa naimba nikifagia. Simu ikilia nilikimbia, mimi mwenye goti la kupakwa dawa. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili una mambo hayo, nikawa naona aibu na raha kwa pamoja.

Aliponiambia kwamba anataka tuoane, tufunge ndoa kanisani kama watu, nilimwambia asubiri. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwuliza, yule binti yangu, mwanangu pekee, anayefanya kazi ya ofisi Musoma. Baba yake alikuwa kipenzi chake. Nilijua moyoni kwamba akisema hapana, sitaolewa. Nilimtaka Fundi, lakini mwanangu nisingemvuka.

"Mama, hebu kuwa siriasi," alisema kwenye simu. "Umri huo?"

"Upi?"

"Mama. Watu watasema nini? Na huyo mzee mwenyewe hata mwaka wake hajui. Kama ni mdogo kwako je? Utaolewa na mtoto?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema hajasema ndiyo, ila Jumapili atakuja tukamwone huyo mtu kwake. Usiku huo, nakiri, nilipiga magoti mabaya haya nikamwomba Mungu ampe Fundi angalau mwaka mmoja zaidi yangu.

Jumapili binti yangu alinipitia Bunda, uso umefungwa kama barua ya serikali. Butiama tulimkuta Fundi amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mama yake alikuwa kwenye kiti cha kamba barazani, mdogo, mkavu, macho makali. Wa leo alimsahau kabla hajaondoka, lakini ya zamani yote alikuwa nayo kichwani. Aliongea kikwetu, mimi nayaandika kwa Kiswahili. Alimtazama binti yangu muda mrefu, akamgeukia mwanawe.

"Huyu ni mdogo sana. Mrudishe kwao."

Fundi karibu amwage soda. "Siyo huyo, mama! Ni huyu."

Binti yangu aliuma midomo. Nikamwona anajizuia, nikapata tumaini. Lakini akajikaza na kuuliza swali alilolijia: bibi, mwanao alizaliwa lini?

Bibi hakuwa na habari na miaka yenu ya kalenda. Akauliza mimi ni wa lini. Nikasema mama yangu alinizaa wiki ile kengele ya misheni ilipopandishwa mnarani.

"Kengele!" Macho yakawaka. "Tulikuwaga tunabeba maji ya mafundi, sisi wasichana. Ndoa yangu haikuwa na mtoto bado. Watu walianza kunisema." Akahesabu kwa vidole, akitaja mavuno, ya mtama, ya ulezi, tena ya mtama, na binafsi nilikuwa naomba vidole viishie hapo. Havikuishia. "Huyu alikuja baada ya mavuno matatu."

Miaka mitatu. Mdogo! Sikuthubutu kumtazama binti yangu. Nilijiona nimeshakosa kila kitu, nikaanza kutafuta mkoba wangu.

Fundi akasimama. Alitengeneza kola. Akaja mbele yangu, akainamisha kile kichwa cheupe kilichonidanganya, akasema kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, na sauti nzito ile ya ofisini ikatoka yenyewe.

Aliyeanza kucheka ni binti yangu. Alicheka akajishika mbavu, akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini na gauni lake la Jumapili. Bibi hakuelewa kitu ila alicheka pia, ufizi wote nje. Halafu alichoka kucheka, akanitazama kama ndiyo kwanza naingia.

"Wewe mtoto, mbona umekaa? Chungu kitaungua. Nenda kachochee, kisha uniletee maji."

Mtoto! Niliruka, goti likapiga kelele, nikasema, "Ndiyo, mama," nikakimbilia jikoni. Nilipuliza moto kwa furaha. Kutoka barazani sauti ile kavu ikaniambia kuni nimezipanga vibaya, nani alinifundisha, nikazipanga upya.

Binti yangu akaja akasimama mlangoni. Alinitazama muda, mikono kiunoni, nadhani hajawahi kuniona nikitumwa. Hakuwa anacheka tena, ila uso ulikuwa umefunguka.

"Anakufokea," alisema.

"Sana."

"Na wewe unapenda."

Nikasukuma ukuni mmoja ndani. Akavuta pumzi, akarekebisha mkanda wa gauni, akasema taratibu maneno ambayo baba yangu aliyasema miaka arobaini iliyopita kwenye boma letu, siku mume wangu alipokuja.

"Mwambie alete wazee wake."

Nikainamia chungu. Nilikuwa na mengi ya kusema, mimi nisiyenyamazaga, na hakuna hata moja lililotoka. Nikachora chini kwa dole gumba la mguu. Kwetu msichana akiulizwa, akinyamaza, amekubali.