Vitenge Saba vya Mama

Wiki iliyopita muuza duka alinikunjulia kitenge kipya, na harufu yake ya nta ikanirudisha Kapata, mtaa wetu wa wachimba madini, mchana ule sisi wenye asili ya jimbo la Kasai tulipofukuzwa na wenyeji.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kampuni ya migodi, kwa hiyo baba aliifunga tu na kuurudisha ufunguo. Mama alijifungia chumbani. Nilisikia nguo zikichakarisha, na alipotoka alikuwa amenenepa ghafla, anatembea kama bata. Nikafurahi mno. Kumbe mama ana mimba!

Stesheni ya treni, vijana wa wale waliotufukuza walifungua mizigo yetu wakachukua sufuria na redio. Mmoja akamsogelea mama.

"Yaya, usimusukume," nikamlilia kijana, nikimwita kaka mkubwa. "Iko na mutoto mu tumbo!"

Kijana akarudi nyuma. Mama, jasho likimtiririka, akanibana mkono.

"Mama, mutoto atazaliwa siku gani?" nilimuuliza ndani ya behewa.

"Tukifika. Vumilia kidogo."

Sikujua kwamba siku zile noti zilipoteza thamani kila wiki, na kwamba akiba yake ya kununua nyumba mama aliiweka kwa vitenge, kimoja kimoja, miaka mingi. Tulipofika Mwene-Ditu, huko Kasai, alivua vyote saba, akaviuza, akalipa avansi, malipo ya kwanza, ya nyumba ya vyumba viwili.

Siku tuliyohamia, aliushika mkono wangu akauweka ukutani.

"Mutoto ni huyu," akasema. "Musalimie."

Matofali yalikuwa bado na joto la jua. Nikayasalimia.