Jenerali wa rangi ya kucha

Leo mwanaume mzima amewapaka wanajeshi wake rangi ya kucha ya dada yake.

Ni Saidi. Hapa mtaani kwetu, mjini Kasongo, anataka tumwite Mon Général, yaani Jenerali wangu, eti kwa sababu ya mchezo wetu wa mezani: wanajeshi wa udongo, urefu wa kidole, wanaopigana upya vita vya zamani vya Waarabu na Wabelgiji.

Mimi ndiye ninayewafinyanga na kuwapaka rangi, hadi vifungo vya koti. Na sheria ya wachezaji wenyewe, wote wanaume, inasema: asiyepakwa rangi haingii mezani.

Leo nikaomba, kwa ile sauti yangu ndogo mnayoijua, nami nicheze.

"Weye upake tu, dada. Vita iko ya wanaume," Saidi akaniambia.

Wenzake wakacheka.

Niliowapaka rangi nikawatia kikapuni, nikawaachia wale wa udongo mtupu.

Basi Mon Général akakimbilia chupa ya dada yake. Kofia nyekundu zikachuruzika hadi kidevuni. Askari mmoja akagandia kwenye kidole gumba chake, akakatika mguu.

(Mungu wangu, nilitazama pembeni nisicheke.)

"Mon Général, hawa wamekufa na vita haiyaanza!" wenzake wakamwambia.

Akanigeukia. "Dada, rudisha basi. Kesho tutakupatia fasi."

"Leo," nikasema.

Akasogea.

Nikapanga watu wangu, na kabla ya adhana ya alasiri nilikuwa nimeitwaa ngome yake yote.

Sasa nielezeni, ninyi mnaojua mambo ya jeshi: jenerali anavuliwa cheo namna gani?