Kibao cha Thelathini, Njia ya Kinampanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Nilikuwa nimeajiriwa udereva wa lori katika chama cha ushirika Singida mjini, na Dereva Mkuu, mzee wa Kinyaturu aliyesimamia magari yote ya chama, alinipeleka barabara ya Mtinko. Mvua ilikuwa imenyesha. Akasimama mbele ya kibao cha mwendo.

“Soma.”

“Themanini, Mkuu.”

“Vua viatu, tembea hatua ishirini. Kiatu kinadanganya.”

Hatua ya tatu nikateleza, nikakaa kwenye tope. Akacheka mpaka akashika boneti. “Haya, themanini yako iko wapi?”

Aliyeweka kibao, alisema, alikuja kiangazi na gari dogo tupu. Wewe una magunia ya alizeti na breki za upepo zinazovuja. Mwendo tuliupima kwa macho: unatazama mwisho wa unachokiona, kona au mgongo wa kilima, unajiuliza kama utasimama kabla ya kufika. Huna hakika, punguza. Basi nikajifunza kushuku vumbi, ng'ombe waliotulia kando ya barabara, na vibao kuliko vyote.

Enzi ya ruksa ilipofika na biashara kuachiwa huria, chama kiliyumba, malori yakauzwa, nami nikapata basi la mfanyabiashara mmoja, Singida hadi Kiomboi. Mabasi yalikuwa yameongezeka na Bosi alitaka haraka.

“Serikali imeandika themanini,” alinifokea mbele ya abiria. “Wewe nani uandike arobaini?”

Nilimshuku naye. Abiria wakaniita Kobe, na jina hilo nililionea fahari.

Miaka hiyo makandarasi walikuja, wakachimba barabara, wakaondoka, vibao vyao vya kazi wakaviacha vimesimama. Unakuta thelathini mahali ambapo hata sururu haipo. Tulivizoea kama visiki.

Asubuhi moja ya kiangazi Dereva Mkuu, sasa mstaafu, alipanda basi langu kwenda Kinampanda kwenye harusi ya mpwa wake. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti cha mbele, upande wa mlango. Nilitaka aone kazi ya mikono yake. Tulipopita Misigiri barabara ilikuwa kavu na macho yanafika mbali, nikaenda sitini. Mbele kukatokea kibao cha thelathini.

“Kijana, umekiona?”

“Nimekiona, Mkuu. Wamekisahau hao.”

Mkuu akashika chuma kilichokuwa mbele yake.

Hatua chache kupita kibao, kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lilikuwa limemomonyoka. Juu palikuwa pazuri kabisa. Tairi la mbele kushoto likazama, basi likalalia mtaro. Abiria walitoka na michubuko, lakini mguu wa kushoto wa Mkuu ulibanwa mlangoni, na hospitali wakaukata chini ya goti.

Nilipomwendea wodini nilishindwa hata kukaa.

“Nisamehe, Mkuu. Nilipima kama ulivyonifundisha.”

“Chini ya barabara uliona?”

“Hapana.”

“Aliyekichimbia kile kibao aliona.” Akanionyesha uvunguni mwa kitanda. “Chukua kiatu cha kushoto. Mimi sina kazi nacho tena.”

Nikalia kama mtoto, naye hakunibembeleza.

Kiatu kile kilikaa juu ya dashibodi miaka yote iliyobaki. Bosi alikichukia, akasema kinatia abiria mkosi, nami nikamwambia basi linaendeshwa nacho au hapati dereva. Nikikuta kibao nilisoma, nikatazama barabara, nikachukua mwendo uliokuwa mdogo kati ya ule wa kibao na ule wa macho yangu. Bado nilishuku themanini zao. Ila thelathini ya mtu nisiyemjua niliiheshimu.

Sasa nimestaafu. Madereva vijana hunijia, wananiamkia, wananiuliza barabara gani si ya kuiamini. Huwa nawatolea kile kiatu kwanza. Nilishuku mvua, nikashuku ng'ombe, nikashuku serikali na Bosi wangu; mtu mmoja tu ndani ya lile basi sikumshuku, naye ndiye aliyekuwa ameshika usukani.