Sahani ya Chini ya Bwawa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzee mmoja amesimama ukingoni mwa bwawa la kuogelea la umma, suruali ameikunja hadi magotini na sahani iko mkononi. Ni sahani ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Anapitisha kamba kwenye kitundu kilichotobolewa pembeni, anaishusha taratibu upande wa kina, anaiacha itue. Kisha anaachia ncha moja na kuivuta kamba yote juu. Kamba haiachwi majini, anaeleza, kwa sababu watoto wana miguu.

Anainama na kuangalia. Mita tatu chini, sahani imetulia. Hata ule ukingo wa buluu anauona.

"Leo maji yameamka vizuri," anasema, na kuandika saa kwenye daftari.

Watoto wanamwita Babu Sahani, na watu wazima wa mtaa nao wamefuata mkumbo. Ana miaka hamsini na tisa. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa, akifagia, akichuja majani, akipima dawa ya maji, akipuliza firimbi na kugombana na pampu. Ukimuuliza kuhusu mshahara, atakwambia unamtosha mpaka tarehe kumi na mbili, na kuanzia hapo nyumba inaendeshwa na cherehani ya mkewe.

Kazi ya sahani ni moja tu. Ikionekana kutoka ukingoni, mtoto akizama naye ataonekana. Isipoonekana, haogelei mtu, awe mtoto wa nani.

"Kulikuwa na kifaa cha kupimia maji," anasema. "Kikaharibika, kikapelekwa kutengenezwa, kikaolewa huko huko. Nikabaki na macho yangu na sahani ya mke wangu."

Sahani ni ya mkewe kweli. Zilikuwa sita, zawadi ya arusi kutoka kwa shangazi yake, na hazikutoka kabatini ila kwa wageni. Babu Sahani aliiazima moja miaka miwili iliyopita, kwa siku moja, alivyosema. Tangu hapo wageni wa nyumba hiyo wakifika watano, baba mwenye nyumba hula kwenye bakuli.

Bwawa lenyewe limechoka. Vigae vya ukingoni vimebanduka na kuacha makali yanayochana nyayo, kwa hiyo mzee ameyafunika kwa vipande vya mpira wa gari. Ngazi ya upande wa kina inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Boya la kuokolea lilipasuka, mkewe akalishona kwa uzi wa nailoni, na mshono wake umeshinda ule wa kiwandani. Hayo yote mzee anayaonyesha huku akicheka.

Akifika kwenye tundu, hacheki.

Chini kabisa, kwenye sakafu ya upande wa kina, kuna tundu la upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Pampu inapofanya kazi, maji huvutwa kupitia hapo, huenda kuchujwa, na kurudi yakiwa safi. Tundu hilo lilikuwa na kifuniko chenye matobo madogo madogo, ili maji yapite na mtu asinaswe. Kifuniko kilikatika vipande viwili miaka miwili iliyopita. Tangu hapo, pampu ikiwa imewashwa, tundu lile linavuta chochote kinachokaribia.

"Mguu wa mtu mzima unaweza kuutoa ukijitahidi," anasema. "Mkono wa mtoto hautoki."

Aliandika barua kwa ofisi inayosimamia bwawa. Akajibiwa kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akaandika nyingine. Sasa zimefika tisa, na nakala zake zote ziko kwenye mfuko wa plastiki, zimepangwa kwa tarehe. Watu wamekuja kupima tundu mara tatu, na kila aliyekuja alikuja na futi yake.

Alipoona kifuniko hakiji, alijipangia utaratibu. Pampu inafanya kazi bwawa likiwa limefungwa, kuanzia jioni hadi asubuhi. Watoto wakiingia, pampu inazimwa. Lakini maji yasiyochujwa, yakiwa na watoto thelathini ndani, huchafuka haraka. Kufikia mchana yanakuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Ndipo akaleta sahani. Watoto wanaingia inapoonekana na wanatoka inapopotea. Siku nyingine ni saa tano kamili tu, siku nyingine saa nane.

Kosa lake, na analisema mwenyewe kabla hujamuuliza, ni kwamba hakumweleza mtu sababu. Hakutaka kuwatia wazazi hofu. Hata dada anayekata tiketi mlangoni, aliyefanya naye kazi miaka saba, hakuambiwa. Kosa la pili ni kwamba sahani aliiweka karibu kabisa na tundu, kwa kuwa pale ndipo penye kina kirefu zaidi. Watoto, wakiwa watoto, walianzisha mchezo wa kupiga mbizi na kuigusa.

Miezi kumi na moja iliyopita, mchana wa Jumamosi, mzee alikwenda stoo kuchukua dawa ya maji. Maji yalikuwa yameanza kufifia. Dada wa tiketi aliwaona watoto wakinung'unika kwamba sasa hivi watatolewa, akawaonea huruma. Akaona pampu imezimwa. Akaiwasha, maji yasafike kidogo, watoto waongezewe muda.

"Nilidhani namsaidia," anasema dada huyo, akiwa kwenye kidirisha chake, macho kwenye kitabu cha tiketi. "Nilidhani mzee amesahau."

Mzee anasema hakuisikia pampu kwa masikio. Aliisikia kwa nyayo, sakafu ya stoo ilipoanza kutetemeka. Alipotoka, watoto walikuwa wanapiga kelele upande wa kina. Msichana wa miaka tisa, mwembamba kiasi kwamba wenzake wanamwita Kibiriti, alikuwa amekwenda kugusa sahani na kiganja chake kimenaswa kwenye tundu.

Hapo mzee alifanya jambo ambalo wapo wanaolizungumzia hadi leo. Aligeuka akakimbia, akaliacha bwawa nyuma yake.

"Kuna mama alipiga kelele, 'Huyo anakimbia,'" anakumbuka. "Nilimsikia. Lakini ningeruka majini ningevutana na pampu, na mimi na pampu ile tunajuana. Nilikimbilia swichi."

Ni hatua ishirini na sita kutoka stoo hadi kwenye swichi. Amezihesabu mara nyingi baadaye, siku ambazo usingizi hauji. Alizima, akarudi mbio, akaruka na nguo zake. Akakutana na Kibiriti njiani anapanda juu, macho wazi, mkono wa kulia umevimba na kuwa mwekundu. Alikohoa, akatapika maji, akalia. Mzee anasema hajawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Jioni hiyo alikaa chini na dada wa tiketi, wakalia wote wawili, kila mmoja akimwambia mwenzake kosa ni lake.

Kesho yake alifunga bwawa. Alitundika ubao getini, akaenda nyumbani, akalala. Siku ya tatu jirani akamwambia kwamba watoto wa mtaa wamepata pa kuogelea, kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua, mwendo wa nusu saa. Mzee alitembea hadi huko. Aliwakuta kumi na wanane. Maji ya kijani, kuta zimesimama wima, na chini hakuna anayejua pana nini. Kaka zake Kibiriti wawili walikuwemo. Juu ya jiwe, mkono umefungwa bendeji, alikuwa amekaa Kibiriti mwenyewe, akisubiri upone ili naye aingie.

"Nilitaka kuwafokea," anasema. "Badala yake nikawaambia kesho nafungua. Wakanishangilia. Niliwapenda na niliwaogopa kwa pamoja."

Akafungua, lakini kwa masharti mapya. Ufunguo wa kisanduku cha swichi sasa ananing'iniza shingoni, na hauvui hata akioga. Ubao mkubwa getini unaeleza habari ya tundu waziwazi, na dada wa tiketi humsomea kila mzazi hata kama mzazi anajua kusoma. Sahani imesogezwa mbali na tundu, na mtoto anayeigusa anarudishwa kwao. Tena kila anayeingia huacha ndala ya mguu mmoja kwenye benchi. Watoto wakishatoka majini, ndala iliyobaki bila mwenyewe maana yake kuna mtu chini.

Leo kwenye benchi kuna ndala thelathini na moja. Na leo, tofauti na siku nyingine, kuna mgeni.

Ni mkewe. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kulitia mguu bwawa hili. Anasema maji mengi yanamtia kizunguzungu. Lakini juzi ofisi ilipiga simu kwamba kifuniko kimepatikana na kitafungwa Jumatano. Mzee alipompa habari hiyo, alisema sawa, basi anakuja kuiona sahani yake kabla haijazoea maisha ya anasa.

Anasogea ukingoni kwa hatua fupi, amemshika mumewe mkono. Anaangalia chini kwa muda mrefu.

"Mbona inang'aa kuliko zile za kabatini?"

"Inaoga kila siku, mama watoto."

"Na wewe uliishushaje huko bila kuzama nayo?"

Mzee anakohoa. Anaangalia firimbi yake. "Kwa kamba."

"Kamba umeifunga wapi?"

Dada wa tiketi, aliyekuwa anasikiliza, anajifanya anahesabu chenji.

"Umeitoboa," anasema mke.

"Nimeitoboa."

"Sahani ya shangazi."

"Tundu dogo tu."

Wakati huo Kibiriti anapita akielekea upande usio na kina. Ana miaka kumi sasa, na alama ya duara kiganjani ikiwa imebaki kama kivuli. Anasimama na kumsalimu.

"Shikamoo, bibi. Wewe ndiye mwenye sahani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye mimi."

"Nisamehe, niliigusa," anasema msichana, kisha anaingia majini taratibu, akishika ukingo.

Mama anaketi kwenye benchi, kando ya ndala, na haongei tena habari ya tundu.

Saa saba na dakika kumi, ukingo wa buluu unapotea. Dakika chache baadaye sahani yote inakuwa wingu. Mzee anasogea hatua mbili kushoto, anaangalia tena, anarudi. Anapuliza firimbi mara tatu. Watoto wanatoka wakilalamika kama kawaida yao, wanajipanga, wanachukua ndala zao. Mzee anahesabu kwa midomo bila sauti. Huwa hasemeshwi wakati huo.

Benchi linakuwa tupu. Kabla hajafungua kinywa, mkewe anasema, "Thelathini na moja. Nimewahesabu kuingia, nimewahesabu kutoka."

Mzee anamwangalia. Kisha anaketi pale zilipokuwa ndala, anavua kofia na kufuta uso. Tangu siku ya Kibiriti amehesabu peke yake.

Kuhusu Jumatano ana matumaini, ila ya kupimia kwa kijiko; ameshaahidiwa Jumatano nyingine. Hata hivyo amejiandaa. Kwenye mfuko wa shati ana parafujo nne za chuma kisichoshika kutu, alizinunua mwenyewe asije fundi akasema hana. Ameomba ashuke na fundi, ashike kifuniko kwa mikono yake kikifungwa. Baada ya hapo pampu itafanya kazi mchana kutwa na watoto wataogelea hadi jua lipoe. Mwakani atastaafu, na anasema angependa atakayempokea akute kazi ya kufagia majani tu.

Na sahani?

"Nitairudisha nyumbani," anasema. "Nitaisugua mwenyewe, niirudishe kabatini na wenzake."

"Kabati gani?" anauliza mkewe, akiinuka na kukung'uta gauni. "Mchuzi utavuja. Ile inakwenda ukutani, sebuleni, mahali kila mgeni ataiona. Tundu la kupitishia msumari si umeshalitoboa?"