Binti Yangu na Tovuti ya Mihuri

Mwanangu akichoka huwa hasemi. Anavua hereni. Ukimwona ameingia ndani, kavua hereni zake na kuziweka juu ya friji kabla hata hajanisalimia, ujue siku imemla. Mwaka ule zilikuwa zikivuliwa kila jioni, mwishowe akaacha kabisa kuzivaa.

Alikuwa akitunza tovuti ya chuo cha ufundi, kilekile ninachofanyia usafi. Mimi nilitangulia na ndoo yangu. Yeye akaja baadaye na cheti chake cha kompyuta, kwa mkataba mfupi unaoongezwa wakitaka. Sasa bodi ya chuo ikawa imesema waziwazi: maombi ya wanafunzi yamepungua, watu wakitafuta mtandaoni hawakioni chuo, na yakiwa machache tena muhula ujao, kazi ya tovuti itapewa kampuni ya nje. Maana yake binti yangu arudi nyumbani kukaa. Baba yake mgongo ulishamstaafisha kabla ya umri, na kaka yake ana watoto wake wa kulisha. Kwa hiyo mkataba ule haukuwa wake peke yake. Tulikuwa tumeuegemea wote, kama watu watatu kwenye kiti cha mmoja.

Huyu ni mtoto wangu wa pili. Tangu mdogo hapendi kitu kikae pasipojulikana. Aliwahi kubandika karatasi kwenye makopo ya jikoni, hili chumvi, hili sukari, nikamwuliza, kwani sisi hatuna ulimi? Akanijibu, "Na mgeni je, mama?" Alipomaliza shule alikaa miaka kwenye duka la kuchapa, akichapa barua za posa na barua za kuachana, za watu walewale wakati mwingine. Huko ndiko alikojifunza kukaa kimya mbele ya mambo ya watu.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa na muhuri. Aliufungia kwenye droo na ufunguo akautundika kwenye mkanda wa suruali. Nikiwa nafuta vumbi mezani kwake, alikuwa akinitazama mikono kila nikiikaribia ile droo. Na utaratibu wake ulikuwa huu: tangazo linaandikwa kwenye kompyuta, linachapwa, linapelekwa kwake, anasaini, anagonga muhuri, linarudi kwa binti yangu, analiskani, ndipo linawekwa kwenye tovuti kama faili la kupakua. Kozi, ratiba, sare, masharti ya bweni, kila kitu. Ukifungua tovuti unakuta safu ya mafaili yaliyoitwa skani na namba, hujui lipi ni la nini mpaka ulipakue, na ni mazito, yanamaliza bando la mtu.

Tusimwonee lakini. Kabla binti yangu hajaajiriwa, tapeli alitunga tangazo la nafasi za masomo kwa jina la chuo, wazazi wakaibiwa, wakaja kulia mlangoni kwa mkuu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo, kisichogongwa muhuri hakikutoka.

Jioni moja mezani, baba yake alimchokoza. "Hebu nieleze. Hiyo mashine ya kutafuta mtandaoni, haina macho?"

"Inayo, baba. Inasoma maandishi. Lakini karatasi ukishaiskani inageuka picha. Sisi tunaona maneno, yenyewe inaona madoa meusi kwenye weupe."

"Kama mimi bila miwani."

"Kama wewe bila miwani, na gazeti liko kwa jirani."

Baba yake akacheka. Binti akaendelea kusukuma chakula upande mmoja wa sahani. "Siku nyingine inajitahidi kubahatisha maneno. Ila skana yetu ni mbovu, halafu mkuu anagonga muhuri juu ya jina la kozi. Palepale kwenye neno ambalo mtu angelitafuta."

"Si uandike tu maneno yenyewe kwenye ukurasa?" nikamwuliza.

"Nimeomba, mama. Anasema maneno yasiyo na muhuri ni uvumi."

Baba yake alicheka tena mpaka mgongo ukamkamata, tukaacha mazungumzo tukamkanda. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile sahani. Hakuwa amekula hata nusu.

Wiki chache baadaye, asubuhi, nilikuwa nafagia karibu na geti. Akaja mama mmoja wa umri wangu na binti yake, wamebeba sanduku na godoro lililofungwa kamba. Walionekana wametoka mbali. Mlinzi akawazuia.

"Mama, chuo hakijafungua."

"Kinafungua leo. Imeandikwa."

Akatoa karatasi kwenye mkoba, imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa. Nikasogea na ufagio wangu. Karatasi ilitaja jina la chuo, kozi ya umeme wa majumbani, na siku ya kufungua, tarehe na mwezi. Mwaka haukuandikwa.

Mkuu aliitwa. Akaigeuza ile karatasi mbele na nyuma. "Mama, hii haina muhuri. Hii ni kazi ya tapeli."

"Imetoka kwenye tovuti yenu, mwalimu. Kijana wa duka la kuchapa aliitafuta mbele ya macho yangu. Ndiyo iliyotokea ya kwanza."

"Haiwezekani."

Akaitwa binti yangu. Alikuja kwa ule mwendo wake wa mtu anayejua mzigo utaangukia kwake. Nikashika ufagio kwa mikono miwili. Aliisoma, akairudisha kwa yule mama kwa adabu, kisha akasema, "Ni yetu, mkuu. Iliwekwa na karani aliyekuwepo kabla yangu, kabla utaratibu wa muhuri haujaanza. Haikuskaniwa, ndiyo maana mashine inaweza kuisoma. Niliomba ruhusa ya kuishughulikia."

"Nikasemaje?"

"Ulisema kumbukumbu za ofisi hazifutwi."

Hakusema kwa kumsuta. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Mlinzi hata hivyo akageukia barabarani, akajifanya anaangalia magari.

"Kwa hiyo turudi?" yule mama akauliza.

"Tunafungua mwezi ujao, mama," mkuu akajibu, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Na godoro?"

Binti yake akanung'unika, "Nilisema tupige simu kwanza."

"Ungepiga namba ipi? Onyesha namba hapo."

Kweli haikuwepo. Binti yangu alinieleza baadaye kwamba hilo nalo ni tatizo la mafaili. Mtu akiingia kwenye tovuti kwa mlango wa mbele, anaona simu, anaona kozi nyingine, anajua yuko kwa nani. Lakini mashine ya kutafuta inaweza kumtua moja kwa moja ndani ya faili, na faili lile halikuwa na njia ya kumrudisha nyumbani. Anasoma, anachapa, anatoka, hajui nyuma yake kulikuwa na nyumba nzima.

Niliwapa maji na kiti kivulini. Wakapumzika, wakaondoka, godoro limetangulia kichwani. Sikuwaona tena, na sijui kama walirudi.

Mkuu alimwita binti yangu ofisini. Mimi nikaanza kupiga deki korido, ile ambayo nilikuwa nimeshaipiga. Mlango ulikuwa wazi.

"Tafuta chuo chetu, nione."

Akaandika kwenye simu yake maneno ambayo mtu wa kawaida angeyaandika, kwamba anataka kusomea umeme wa majumbani. Ikatokea ileile karatasi ya zamani.

"Na zangu ziko wapi?"

"Zipo kwenye tovuti, mkuu, ila huku hazionekani. Ni picha."

Nikakamua tambara taratibu lisipige kelele.

"Na nikikuruhusu kuandika bila muhuri, mtu akija akabadilisha maneno?"

"Kubadilisha ukurasa wetu itabidi avunje nyumba, mkuu. Kughushi karatasi anakaa kwake tu na mkasi. Hata muhuri anauchonga."

Nilifunga macho. Nikasema sasa mwanangu amejimaliza.

"Muhuri hauondoki," mkuu akasema.

"Usiondoke. Maneno yakae kwenye ukurasa, yasomeke hata kwenye simu ndogo. Chini yake tuweke faili lenye muhuri, na jina linaloeleweka, kwa anayetaka kuchapa."

"Kila neno nilione kwanza."

"Kila neno."

"Na hilo la zamani lifute leo hii."

"Afadhali nisilifute hivihivi, mkuu. Ndilo pekee watu wanalolifikia. Niweke kibao palepale, anayelifuata apelekwe kwenye ukurasa mpya."

"Kumbe hilo linawezekana?"

"Linawezekana."

"Mbona hukuniambia?"

Hakumjibu. Alikuwa amemwambia. Mtu akifika mahali hana nguvu hata ya kusema nilikwambia, huko ndiko kuchoka.

Kazi ikaanza, na ilikuwa ya kuvunja shingo. Matangazo ya mwanzo kabisa, yale ya kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa, yalikuwa yamekufa pamoja na kompyuta ya zamani. Zilibaki karatasi tu. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili tulikaa meza ya jikoni, mimi nikisoma, yeye akichapa. Shule yangu iliishia njiani, nasoma polepole, neno refu nalipanda kama ngazi. Baba yake kutoka kwenye kochi akawa ananisahihisha bila hata kuiona karatasi.

"Mwanafunzi haruhusiwi kuingia na..." nikakwama.

"Na nini?" binti akauliza, vidole viko juu.

"Muhuri umelimeza neno."

"Na mke," baba yake akasema.

"Nyamaza wewe. Hili neno ni fupi sana."

Tuliinua karatasi dirishani, tukaipindua, wapi. Jumatatu akampelekea mkuu amwambie ni neno gani. Mkuu aliliangalia muda mrefu, akavaa miwani, akavua. Naye hakulijua. Sharti lile likaachwa, na bweni halikuanguka.

Zikafuata siku za kungoja, nazo kwangu ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Nilidhani ukishaandika, watu wanaona hapohapo. Kumbe mashine ya kutafuta ni kama fundi bomba: unamwita leo, anakuja atakapojisikia. Kila nikipata nafasi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatafuta kwa simu yangu. Inatokea ileile karatasi ya zamani. Nikiigusa inanipeleka ukurasa mpya, sawa, lakini jina bado ni lile la kale.

"Mama, acha kubonyeza. Haiji haraka kwa sababu unaiangalia."

"Siiangalii."

"Umeketi kwenye ndoo."

Alikonda. Nilianza kumpikia vile vitu alivyovipenda akiwa mdogo, akala viwili vitatu na kunishukuru kama mgeni. Jirani akaniambia labda mtoto anataka kuolewa. Nikamjibu, huyu anataka kulala.

Kisha taratibu, mambo yakasogea. Dada wa mapokezi ndiye aliyeanza kulalamika, simu inaita mno, watu wanauliza vitu vya ajabu, kama kitanda cha bweni ni cha chini au cha juu. "Wamesoma wapi habari za vitanda?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, nikaenda stoo nikakaa kidogo. Baba mmoja alikuja dirishani akasema amesoma kila kitu kwenye simu yake bila kupakua chochote, anataka nafasi kwa mwanawe. Aliyemfuata akasema yeye kaambiwa na shangazi yake. Kwa hiyo siwezi kusema ni kurasa za binti yangu zilizowaleta wote. Lakini foleni ilikuwepo, na mwaka uliotangulia pale dirishani alilala paka.

Bodi ilikaa wakati wa mchana. Mimi nilikuwa nafuta vioo vya upande ule, kioo kimoja nikakifuta mpaka nikaogopa kitatoboka. Walipotoka, mkuu akanikuta.

"Mama, binti yako tunaendelea naye."

"Asante sana, mkuu. Na mkataba?"

"Uleule."

"Mfupi uleule?"

"Uleule, mama."

Nilikwenda kwenye chumba kidogo anachofanyia kazi binti yangu. Alikuwa ameinamia kompyuta, mgongo umejikunja kama wa baba yake.

"Wamekuongezea," nikasema.

"Muda gani?"

"Uleule."

Akatikisa kichwa. "Na ile kampuni?"

"Hawakuitaja."

Nilidhani atacheka, au atalia, nikawa tayari kwa vyote viwili. Alisogeza kibodi pembeni, akalaza kichwa juu ya mikono yake mezani. "Mama, nifungie mlango kidogo tu."

Nikaufunga. Nikasimama nje na ndoo yangu, na kila aliyekuja kumuulizia nikamwambia ametoka. Mhasibu nikamwambia ametoka. Dada wa mapokezi nikamwambia ametoka. Mwishowe akaja mkuu mwenyewe na karatasi mkononi.

"Yupo?"

"Ametoka kidogo, mkuu."

Akautazama mlango, akanitazama mimi. "Tangazo la kozi ya jioni. Maneno yake nimeshamtumia, ayaweke kwenye ukurasa. Hii ni ya kuweka chini yake. Akirudi, basi. Hakuna haraka."

Nikaipokea. Wino wa muhuri ulikuwa bado mbichi, umegongwa pembeni, mbali na maneno. Nikaishika kwa ncha za vidole isije ikachafuka, nikaendelea kusimama pale mlangoni, nikihesabu kimoyomoyo miezi iliyobaki mpaka mkataba mwingine.